Paka wa Ndani Apoteapo

Katika miji yetu ya mawe, Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu, ambako paka hulala barazani na kuzurura masokoni bila ya kuulizwa na mtu, mwenye nyumba akilalamika kwamba paka wake hayuko, aghalabu huambiwa kwa wepesi kuwa paka hapotei, hutembea tu, na njaa ikimshika atarudi. Maneno hayo ni sahihi kwa paka aliyezaliwa uchochoroni, anayezijua kuta na mapaa ya mtaa mzima na mwenye majumba mawili matatu ya kula. Lakini yakisemwa juu ya paka aliyelelewa ndani tangu uchanga wake, ambaye dunia yake yote ni vyumba vitatu, ngazi moja na dirisha lenye wavu, huwa ni maneno ya kudhuru, kwa kuwa humkalisha mwenye paka akingoja katika siku zile zile ambazo jitihada yake ingemfaa zaidi. Hoja ninayotaka kuibainisha hapa ni kwamba paka wa ndani akitoka, hajaondoka. Amejificha, yu karibu, yu kimya, na kazi ya kumpata ni kazi ya kutafuta karibu, kwa idhini ya majirani, katika saa ambazo watu wamekwisha kulala.

Kwanza yatupasa kuifahamu silika yake. Paka huijua maskani yake kwa harufu kuliko kwa macho. Kila anaposugua shavu lake kwenye mguu wa kiti au pembe ya mlango huacha alama ambayo sisi hatuihisi, nayo humwambia kila apitapo kwamba hapa ni pake na hapa pana amani. Akivuka kizingiti, alama zile zote hukatika ghafula. Mbele yake pana sauti za pikipiki, mbwa, watoto na paka wengine wenye milki zao, na yeye hana hata hatua moja ya ardhi anayoweza kuiita yake. Basi hufanya lile ambalo kila mnyama mdogo hulifanya akiwa katika khofu: hutafuta tundu la kwanza lenye giza, hujikunyata humo, na hunyamaza. Kimya hicho ndicho kinachowapotosha watu, maana mwenye paka hupita akiita kwa sauti, na asipojibiwa huamini kwamba paka hayupo, ilhali paka amelala dhiraa tatu kutoka miguuni pake, anaisikia sauti anayoipenda na hathubutu kuijibu, kwa kuwa kujibu ni kujifichua kwa kila kiumbe kinachosikiliza. Kat Albrecht, aliyekuwa askari polisi California kabla ya kuugeuza ujuzi wake wa upelelezi kuwa kazi ya kutafuta wanyama waliopotea, ameishughulikia sana tabia hii ya kunyamaza, na mafunzo anayowapa watafutaji yamejengwa juu yake.

Haya si dhana tupu. Mwaka 2018 jarida la Animals lilichapisha uchunguzi wa wataalamu wa Australia, miongoni mwao Jacquie Rand wa Chuo Kikuu cha Queensland, uliokusanya habari za paka 1,210 waliopotea. Katika kila paka 100, 61 walipatikana ndani ya mwaka mmoja, na 34 walipatikana hai katika siku saba za mwanzo; robo tatu ya waliopatikana hawakuwa mbali zaidi ya mita 500 kutoka mahali walipotorokea, na wale waliokuwa wakifugwa ndani tu walikuwa karibu mno kuliko wale wenye mazoea ya kutoka, hata nusu yao hawakuvuka mita 40 hivi. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba kutafuta kwa miguu na kwa macho, si kukaa na kungoja, kulizidisha tumaini la kumpata paka akiwa hai.

Mita 40 si umbali. Katika uwanda ulio wazi mtu hurusha jiwe likapita. Lakini katika Mkunazini au Kiponda, mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, mita 40 ni nyumba nne au tano zilizoshikana kuta, kila moja ina ghorofa mbili au tatu, ua wa ndani, bohari, vyoo vya zamani visivyotumika, dari zilizoinuliwa kwa boriti, matangi ya maji juu ya paa, na pengine gofu moja katikati yao lililoota mapapai. Lamu kuna zaidi, kwa sababu ya wikio, vyumba vile vilivyojengwa juu ya njia kuunga nyumba na nyumba, ambavyo humwezesha paka kuvuka mtaa bila ya kugusa ardhi. Kwa hiyo eneo ni dogo lakini lina kina, na mtafutaji anayezunguka mitaa mitano akiita huwa ametembea sana na kutafuta kidogo.

Watu wataleta hoja ya uchunguzi mwingine, uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2012, uliokuta kwamba katika paka waliopotea wakapatikana, 59 kwa 100 walirudi wenyewe, 30 walipatikana kwa kutafutwa mtaani, na wawili tu ndio waliopatikana katika nyumba za kuhifadhia wanyama. Je, hii si ithibati ya wale wasemao ngoja atarudi? Sioni hivyo. Hesabu ile iliwachanganya paka wa nje na wa ndani, na paka wa nje hurudi kwa kuwa anaijua njia. Fauka ya hayo, pengine baadhi ya wanaosemwa kuwa wamerudi wenyewe ni wale ambao mlango waliotokea uliachwa wazi usiku, wakajivuta kutoka mafichoni mji ulipotulia. Na kuacha mlango wazi, mtu akiwa macho nyuma yake, nako ni kutafuta.

Wala sikatai kwamba huwapo wanaokwenda mbali. Mwaka 2012 paka jike wa ndani aitwaye Holly alipotea Daytona Beach, Florida, alikokuwa amepelekwa safarini, na baada ya kama miezi miwili akaonekana West Palm Beach, mji wake, maili 200 hivi kusini, amekonda na nyayo zake zimechubuka. Akatambuliwa kwa kidude chenye namba kilichokuwa kimetiwa chini ya ngozi yake. Habari hiyo ilizunguka ulimwengu kwa sababu ni nadra, na ni makosa kuifanya kanuni ile ambayo ni ajabu.

Sasa tutazame namna anavyotoka, maana mahali pa kutokea ndipo pa kuanzia. Aghalabu ni siku ambayo desturi ya nyumba imevunjika. Mahamali wamekuja kupandisha friji, mlango mkubwa umewekewa jiwe usijifunge, watu wasiojulikana wanapanda na kushuka kwa makelele. Paka aliyekuwa juu ya kabati hutishika, hushuka ngazi pembeni mwa ukuta, na hakuna anayemwona kwa kuwa macho ya wote yako kwenye mzigo. Nyingine ni siku ya arusi, ya hitima, ya kupaka rangi. Mtu akigundua jioni kwamba paka hayupo, na aulize kwanza ni mlango upi ulikuwa wazi na saa ngapi. Kisha asimame pale pale, ainame hata macho yake yawe karibu na ardhi, na atazame: kutoka hapa, kiumbe mwenye khofu angeona giza liko wapi? Aghalabu paka hufuata ukuta, wala hakati njia katikati. Chini ya baraza ya jirani, nyuma ya mitungi ya gesi dukani, katika mdomo wa mfereji wa maji ya mvua: hapo ndipo mahali pa mwanzo.

Kwa wakaao katika maghorofa, kama yale ya Upanga na Kariakoo mjini Dar es Salaam, pana jambo la ziada la kuhadhari. Paka huanguka kutoka dirishani au roshani, na watu hukata tamaa wakidhani amekwisha kufa na kuzolewa. Mwaka 1987 madaktari wa hospitali moja kubwa ya wanyama ya New York waliandika habari za paka 132 walioletwa kwao baada ya kuanguka kutoka maghorofani, na tisa katika kila kumi kati yao walinusurika. Aliyeanguka huwa ameumia, pengine mguu, taya au mapafu, naye hujikokota hadi kwenye sitara iliyo karibu zaidi. Kwa hiyo chini ya dirisha lile, nyuma ya mashine za kupozea hewa, chini ya magari yaliyoegeshwa na ndani ya vyumba vya mita za umeme, ni lazima patazamwe saa ile ile.

Lakini kabla ya kutoka, nyumba yenyewe ifanyiwe upekuzi wa haki, kwa kuwa si paka wachache waliotangazwa mtaa mzima hali wamo ndani. Kitanda cha samadari kina nafasi kubwa uvunguni ambayo huzibwa kwa masanduku na mabunda ya nguo. Kochi likichanika kitambaa cha chini, paka huingia ndani ya mbao zake. Nyuma ya friji pana joto analolipenda. Na kabati lililofunguliwa dakika mbili tu kutoa shuka laweza kumfungia siku mbili. Kila kitu kifunguliwe na kiguswe kwa mkono, si kutupiwa jicho.

Kisha ndipo majirani, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu hupiga hodi, huuliza kama paka wake ameonekana, huambiwa hapana, hushukuru na kwenda zake. Jibu lile ni la kweli na halina faida, kwa sababu paka aliyejificha haonekani na mwenye nyumba. Lau angeonekana asingekuwa amejificha. Swali lifaalo ni ombi.

“Shikamoo bibi. Paka wetu katoka tangu juzi. Nakuomba ruhusa nitazame chini ya ngazi yako na huko bohari.”

“Marahaba mwanangu. Lakini bohari lina kufuli tangu Ijumaa, hakuna kinachoingia.”

“Ijumaa ndiyo siku aliyotoka, bibi.”

Na ufunguo huletwa. Bohari lililofunguliwa siku moja na kufungwa ni katika mahali pa kutazamwa kwanza, kwa kuwa paka asiyeweza kutoka hatatoka hata akihimizwa na njaa. Hata hivyo nyumba zetu zina faragha zake, na ombi la kuingia uani si jambo dogo. Basi mwanamume na aende na dada au mkewe, waende mchana, na wazee waarifiwe kwanza. Wala isisahauliwe kumwambia mlinzi na vijana wa mtaa kwamba usiku kutakuwa na mtu mwenye tochi akichungulia pembe za nyumba, maana mwenye tochi asiyejulikana huitwa mwizi, na mtu akiisha kuitwa mwizi usiku mtaani, maelezo yake huchelewa kusikilizwa.

Usiku ndio wakati wake hasa. Baada ya saa sita, mikahawa ikiwa imefungwa na pikipiki zimepungua, paka aliyejificha huanza kusogea. Tochi ishikwe karibu na jicho, usawa wa shavu, si chini kiunoni. Nyuma ya jicho la paka pana utando unaoirudisha nuru kule ilikotoka, na anayeshika tochi chini hukosa kuiona nuru ile ikirudi. Umulike taratibu, kwanza chini, kisha juu ya kuta, kisha katika kila ufa. Utaona kwanza vitone viwili vya kijani au manjano katika nafasi ya kiganja kimoja kati ya tangi na ukuta, visivyopepesa. Nyuma yake kuna mwili uliolazwa bapa, miguu imekunjwa chini ya kifua, masikio yamelala kisogoni, manyoya yamejaa vumbi la chokaa hata rangi yake haijulikani. Usimwendee! Huu ni wakati ambao mapenzi humwangusha mwenye paka, kwa kuwa akimrukia, paka hukurupuka na kwenda mbali kuliko alikokuwa, na safari ya pili huwa ndefu zaidi ya ile ya kwanza. Keti chini, geuza uso usimkazie macho, zungumza kwa sauti ile ya nyumbani unayozungumza ukimpa chakula, na fungua kopo la samaki au kifuko cha kibua wa kukaanga. Sikio la paka husikia milio myembamba zaidi ya mara tatu ya upeo wetu, basi hakuna haja ya kupaza sauti. Yaweza kuchukua saa nzima. Akija, mfunike kwa kikoi kizito na umshike kwa mwili wote, maana hata paka mpole akitaharuki huuma. Na mtu akiumwa na paka, wake au wa mwenziwe, aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku ile ile, kwa kuwa kichaa cha mbwa hakiwaambukizi mbwa peke yao.

Juu ya magofu nasema neno moja: yatazamwe mchana na kutoka nje. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba mashuhuri kuliko yote Unguja, iliporomoka upande mmoja mwezi Desemba 2020. Kuta za nyumba ndogo zisizotunzwa haziwezi kuaminiwa zaidi.

Akionekana lakini hakaribii, dawa ni mtego wa kizimba cha waya, ambao mlango wake hushuka paka akikanyaga kibao kilicho ndani. Uwekwe karibu na maficho yake, ufunikwe kwa kitambaa, chambo kiwe mwisho kabisa, na mtu awe karibu, kwani mtego ulioachwa hadi asubuhi huweza kumkamata paka shume wa mtaa na kumwacha yule anayetafutwa akishuhudia tukio la kumtia khofu mpya. Kuna pia ushauri ulioenea wa kutoa nje sanduku la mchanga wake ili afuate harufu. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu harufu ya mkojo ni wito kwa madume wenye mtaa, na wakija kuulinda mpaka wao, mgeni mwenye khofu hatakaribia mlango. Shuka aliyolalia, au fulana ya bwana wake isiyofuliwa, yafaa zaidi.

Tangazo nalo lina nafasi yake. Watoto wa chuo cha Kurani ni watafutaji hodari kuliko watu wazima, kwa kuwa wao wanaijua mianya yote na wana macho ya kimo cha paka. Wapewe picha na ahadi ya zawadi, na waambiwe kwa mkazo wasimfukuze, wakimbie kuleta habari tu. Picha ionyeshe mwili wote, ibandikwe dukani na kutumwa katika makundi ya WhatsApp ya mtaa, lakini alama moja ya paka isitajwe, ili yule atakayepiga simu akidai kwamba anaye na kutaka atumiwe fedha kwanza aulizwe alama hiyo. Msikitini isitangazwe, kwa kuwa kutafuta kilichopotea kwa kutangaza ndani ya msikiti kumekatazwa katika Hadithi, na nje ya mlango, watu watokapo baada ya Isha, panatosha. Huko Unguja wengi humtafuta Forodhani na sokoni Darajani kwenye mabaki ya samaki. Wanaweza kutazama, lakini wajue kwamba paka wa pale ni wenyeji wa makelele, na aliyelelewa chumbani hatakwenda penye watu mia kutafuta mkia wa changu.

Upande wa pili wa suala hili ni yule aliyempata. Mtume alipoulizwa juu ya vilivyopotea, kama ilivyopokewa na Zaid bin Khalid al-Juhani, aliamuru kitu kitangazwe mwaka mmoja. Kuhusu kondoo aliruhusu achukuliwe, kwa sababu akiachwa ataliwa na mbwa mwitu. Na kuhusu ngamia alikataza asiguswe, kwa kuwa ana maji yake na miguu yake hadi mwenyewe amkute. Hukumu ni ya wanazuoni, lakini mgawanyo ule waangaza jambo letu pia. Paka wa mtaa ni katika jamii ya ngamia, anajitosheleza, na kumchukua ni kumpotezea mwenyewe. Paka wa ndani ni katika jamii ya kondoo. Anayemwona paka safi, mnene, asiyejua kujikinga na gari, akilia chini ya ngazi yake, amtie ndani, ampe maji, na atangaze; asimpe jina jipya kwa haraka kwa kudhani ametupwa.

Ili kutangaza kuwe na jibu, alama iwepo kabla ya msiba. Uingereza imekwisha kuamuru, tangu tarehe 10 Juni 2024, kila paka wa England mwenye mwenyewe, awe wa ndani au wa nje, atiwe chini ya ngozi kidude cha kiasi cha punje ya mchele chenye namba ya tarakimu 15. Kidude hicho hakimwonyeshi paka aliko. Husomwa tu na chombo maalumu akiisha kushikwa, na chombo hicho hakiko katika kila mji wetu. Kwa hiyo, pamoja na namba hiyo kwa awezaye, naupendelea ukanda wa shingoni unaofunguka ukivutwa kwa nguvu, ulioandikwa namba ya simu kwa wino usiofutika, ambao hata muuza maji ataweza kuusoma.

Swali la muda huulizwa na kila aliyepoteza. Uchunguzi ule wa Australia ulikuta kwamba wachache tu walipatikana hai baada ya siku 90. Lakini wiki ya pili na ya tatu si wakati wa kukoma, ni wakati wa kurudia mahali pale pale palipokwisha kutazamwa, kwa kuwa paka huhama tundu hadi tundu, na njaa humtoa siku ambayo khofu haikumruhusu kabla.

Akipatikana baada ya siku nyingi asijazwe chakula kwa furaha. Paka, hasa aliyekuwa mnene, akikaa siku kadhaa bila ya kula, ini lake hujaa mafuta na kushindwa kazi, na maradhi hayo huua. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi, na apelekwe kwa daktari wa mifugo hata akionekana mzima, akaguliwe meno, majeraha ya kuumwa, na chanjo zake. Kama nyumbani kuna paka wengine, watamfokea kama mgeni, kwa sababu amerudi na harufu ya mtaa. Awekwe chumba cha peke yake, na kitambaa kimoja kisuguliwe kwake na kwao kwa zamu, hata wakome kufoka mlangoni. Na dirisha au mlango aliotokea utiwe komeo siku ile ile, maana anaijua njia ile sasa.